Daftari linasema viroba 412, ghalani vipo 371: je, kijana wangu ananiibia?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina kiwanda kidogo cha sembe hapa Makambako. Mwezi Juni tulianza msimu ghala likiwa tupu kabisa. Hadi juzi tumenunua magunia 1,500 ya mahindi; kati yake 600 yalikuja hayajakauka vizuri, tukayaanika kwenye maturubai na kuyajaza upya. Daftari linaonyesha yameingia mashineni magunia 1,314, kwa hiyo yabaki 186. Tumehesabu, yapo 163. Kwa sembe, huwa tunaandika viroba vitatu vya kilo 25 kwa kila gunia linalosagwa. Tumeuza viroba 3,530, daftari linasema vibaki 412, lakini vilivyopo ni 371. Pumba hatuandiki, tunawauzia wafugaji na hela yake inalisha vibarua. Mtunza stoo ni mtoto wa dada yangu. Yeye ndiye anayepokea, anayetoa, anayeuza na anayeandika. Mume wangu anasema tumkate mshahara au tumpeleke polisi, mimi moyo unasita. Wengine wananishauri ninunue programu ya kompyuta. Zamani tulikuwa tunahesabu mara moja tu, mwisho wa mwaka. Je, ananiibia? Na nifanyeje ili hili lisijirudie?"*

Dada yangu, pole. Naona unabeba mizigo miwili kwa pamoja: mali isiyojulikana ilipo, na mtoto wa dada yako ambaye ukimkosea leo utakutana naye kwenye kila msiba na kila harusi ya ukoo. Nianze na jibu la swali lako gumu. Kwa hesabu ulizonipa, hakuna mtu anayeweza kukwambia kama kijana ameiba au hajaiba. Simtetei, simjui. Ninachokiona ni kwamba daftari lenu limeandikwa kwa namna ambayo haliwezi kumshtaki mtu, na haliwezi kumsafisha mtu pia. Ngoja nikuonyeshe kwa tarakimu zako mwenyewe.

Tuanze na magunia 23 ya mahindi. Mahindi yanayotoka shambani mapema yana maji mengi. Tuseme yale magunia 600 yalikuja na unyevu wa asilimia 16, maana yake katika kila kilo 100 kuna kilo 16 za maji na kilo 84 za mahindi makavu. Mkayaanika hadi yakafika asilimia 13. Zile kilo 84 hazijaenda popote, ila sasa ndizo asilimia 87 ya mzigo. Gawa 84 kwa 0.87, unapata kilo 96.5 na ushee. Kila gunia limepoteza karibu kilo tatu na nusu juani. Kwa magunia 600 hizo ni kilo 2,069, yaani magunia 20 yamepaa kama mvuke na hakuna aliyeyagusa. Mlipoyajaza upya kwa kilo 100 yalitoka pungufu, lakini daftari likaendelea kushika 600 yaliyoshushwa kwenye gari. Siwezi kuapa kwamba unyevu ulikuwa 16, kwa sababu hamkuupima. Ninachosema ni kwamba mahindi ya kawaida ya mwezi Juni yanatosha kula magunia 20 kati ya 23 yako.

Sasa viroba 41, ambavyo ni kilo 1,025 za sembe. Hapa ndipo liliponishtua daftari lenu. Mmesema mnaandika viroba vitatu kwa kila gunia. Dada, hiyo si rekodi, hayo ni makadirio yaliyoandikwa kwa kalamu ya rekodi. Hakuna aliyehesabu viroba vikitoka kwenye mashine. Kuna aliyezidisha 1,314 kwa tatu akapata 3,942. Gunia likitoa kilo 75 kamili, sawa. Likitoa kilo 74.2, kwa sababu chekeche limechakaa au fundi amekoboa zaidi ili unga uwe mweupe, utapungukiwa gramu 780 kwa kila gunia. Zidisha kwa 1,314: kilo 1,025. Viroba 41 vyote.

Na kuna njia nyingine inayofika palepale. Vilivyouzwa na vilivyopo, jumla ni viroba 3,901. Kama kila kiroba kilijazwa gramu 260 zaidi ya kilo 25, unapata upungufu uleule. Gramu 260 ni viganja vichache tu vya unga. Niliwahi kukaa siku nzima pembeni ya mpakiaji kwenye kiwanda kimoja kilichokuwa kinalia upungufu kila mwezi. Kijana alikuwa mwaminifu na makini. Anaweka kiroba kwenye mizani, anachota, anasubiri mshale utulie kwenye 25, anaongeza kidogo ili mteja asilalamike, anapeleka kushona. Shida ilikuwa kwamba mizani ilisogezwa karibu mno na nguzo, na kiroba kikishajaa kinaegemea nguzo. Sehemu ya uzito inabebwa na nguzo, mizani inasoma pungufu, naye anaongeza unga kwa moyo mweupe. Tulisogeza mizani umbali wa hatua moja, na upungufu ukashuka wiki ileile. Mtunza stoo wao alikuwa ameshaandikiwa barua mbili za onyo.

Kwa hiyo una maelezo mawili, na kila moja peke yake linatosha kumaliza viroba vyote 41. Wizi ni maelezo ya tatu, nao unawezekana. Daftari lenu haliwezi kuchagua kati ya hayo matatu, kwa sababu halikupima kitu chochote njiani.

Lakini kuna kitu umekitaja kwa sentensi moja ukakipita, na mimi ndicho kinachoninyima usingizi kuliko viroba 41. Magunia 1,314 ni kilo 131,400. Sembe iliyotoka, viroba 3,901, ni kilo 97,525. Ziko wapi kilo 33,875 zilizobaki? Chache ni vumbi na uchafu, zilizobaki ni pumba. Tani thelathini na zaidi za bidhaa inayouzika zimepita kwenye mlango wako ndani ya msimu mmoja bila mstari hata mmoja wa wino. Kama kuna mtu mwenye nia mbaya kiwandani kwako, hana haja ya kugusa sembe yenye nembo. Anajaza unga kwenye gunia la pumba na kulitoa mchana kweupe, kwa sababu gunia la pumba halina anayeliuliza. Kulisha vibarua kwa hela ya pumba ni jambo jema, endelea. Ila iandikwe imeuzwa kilo ngapi, kwa nani, kwa shilingi ngapi, halafu chakula kinunuliwe kwa hela inayojulikana.

Wengi wanaoanzisha viwanda wametoka kwenye duka, na wanakuja na daftari la duka. Dukani sabuni inaingia ikiwa sabuni na inatoka ikiwa sabuni. Ukijua zilizoingia na zilizouzwa, unajua zilizobaki. Kiwandani mali inabadilika umbo katikati. Mahindi yanaingia, wanatoka watoto watatu: sembe, pumba na hasara. Daftari la kiwanda ni lazima liandike pale mali inapobadilika, tena kwa kilo, siyo kwa gunia. Gunia ni chombo tu. Huku kwetu kisheria gunia la mazao lisizidi kilo 100, ndiyo maana lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, inapigwa vita. Kenya wanahesabu gunia la mahindi kwa kilo 90. Na mkulima anayekupimia debe sita anakupa uzito unaotegemea ukubwa wa punje na mkono wa aliyejaza. Ukiandika "gunia 50" bila kilo, umeandika vyombo hamsini.

Ninachokushauri ufanye kipo hivi. Mahindi yakifika, yapimwe yote kabla hayajapangwa, na kilo ziandikwe palepale mlangoni, siyo jioni kwa kukumbuka. Nunua kipimo cha unyevu kidogo cha mkononi, kitarudisha hela yake. Ile njia ya kutikisa mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa inakwambia kama mahindi ni mabichi, lakini haikupi asilimia, na wewe unahitaji asilimia ili ujue unanunua maji kiasi gani. Mzigo ukianikwa, upimwe tena unapotoka kwenye turubai, na tofauti iandikwe kwa jina lake: "upungufu wa kukausha". Mstari huo mmoja ungekuokoa na nusu ya machungu haya.

Yanapokwenda mashineni, yapimwe na fundi wa mashine asaini kuwa ameyapokea. Kisha mwisho wa kila zamu mfanye mlinganyo: kilo zilizoingia, kilo za sembe iliyoshonwa, kilo za pumba, na iliyobaki ndiyo hasara. Usiogope ikitokea siku pumba na sembe zikijumlishwa zinazidi mahindi. Kama mnalowanisha kabla ya kukoboa, yale maji yanatoka ndani ya pumba. Pima mwezi mzima bila kumlaumu mtu, na utaijua tabia ya mashine yako. Labda ni 74, labda ni 72. Hapo ndipo siku ikitoka 68 una haki ya kuuliza, na fundi atakuwa na jibu: chekeche limetoboka, mahindi yalikuwa na dumuzi, umeme ulikatika katikati.

Kuna mashahidi wawili ambao hawana undugu na mtu yeyote kiwandani, nakuomba uwatumie. Wa kwanza ni viroba vitupu. Vihesabu kama unavyohesabu mali, vifungie mahali pake, na uvitoe kwa idadi kila asubuhi. Jioni, vilivyojazwa na vilivyochanika na vilivyorudi viwe sawa na vilivyotoka. Sembe haiwezi kwenda sokoni kwa jina lako bila kiroba chako. Shahidi wa pili ni mita ya LUKU. Andika yuniti zinazosomeka mwanzo na mwisho wa zamu. Baada ya wiki chache utajua tani moja inakula yuniti ngapi, na mashine ikiwashwa usiku bila kuandikwa, mita itasema.

Hujaniambia kama mnasagia watu. Kama mnasagia, hilo nalo linachafua hesabu kuliko watu wanavyodhani. Mahindi ya mteja yanalala ghalani kwako na kuhesabiwa kuwa yako, au sembe yake inachukuliwa kwenye rundo lako kwa sababu yake haijakamilika na ana haraka. Mali ya watu ikae kona yake, na kadi yake yenye jina. Vivyo hivyo viroba vilivyokwisha kulipiwa lakini gari halijaja: vimeuzwa, siyo vyako tena, viwekwe kando siku hiyohiyo.

Kuhusu kuhesabu mara moja kwa mwaka, hapo niseme wazi kwamba hakukusaidii kulinda mali. Kunakusaidia kujaza mizania ya mwaka, basi. Mwezi Desemba ukikuta pengo, hakuna anayekumbuka lilianza Julai au Oktoba, kwa hiyo mnarekebisha tarakimu na kosa linabaki hai, linazaa tena. Hesabu kidogo kidogo na mara kwa mara. Viroba vya sembe na viroba vitupu kila jioni, maana ni dakika chache. Mahindi kila Jumamosi kabla ya kuwasha mashine, na geti likiwa limefungwa. Ukihesabu huku gari linapakia utapata namba ya uongo hata kama wote mna nia njema. Mikanda, beringi, machekeche na nyuzi za kushonea, mara moja kwa mwezi panatosha.

Anayehesabu asionyeshwe salio la daftari. Hili ni dogo lakini lina nguvu sana. Mtu akijua daftari linasema 412, macho yake yatatafuta 412, na akipata 409 atajishawishi kwamba vitatu viko nyuma. Mpe karatasi tupu. Ili hesabu iwezekane, panga marundo yote kwa mtindo mmoja juu ya chaga, tuseme viroba vitano kila tabaka, matabaka kumi, rundo ni hamsini, na uache njia ya kuzunguka ukutani. Rundo lililopangwa ovyo hata malaika hawezi kulihesabu. Sembe ya zamani itoke kwanza, kwa hiyo kila rundo liwe na tarehe.

Na pengo likionekana, lisifutwe. Kwenye daftari la stoo hakuna wino mweupe. Piga mstari mmoja juu ya namba, andika sahihi pembeni, weka sababu, na saini ya wawili: anayetunza na wewe au mtu uliyemwamini. Baada ya miezi mitatu hizo sababu ndizo zitakufundisha kuliko mimi. Ukiona "kuchanika" mara kumi na tano, tatizo lako ni chaga zenye misumari.

Sasa nijibu suala la programu. Kwa sasa, hapana. Programu inajua tu kile alichoingiza mtu. Kiroba kisichohesabiwa mlangoni hakitaonekana kwenye kompyuta, na ile kanuni ya "viroba vitatu kwa gunia" ingeendelea kukokotoa kwa kasi zaidi na kwa sura ya kuaminika zaidi. Kadi za stoo za karatasi, daftari moja la jumla, na picha ya kadi unayotumiwa kwa WhatsApp kila jioni vinatosha kwa kiwanda chako. Karatasi zikilingana na ghala kwa miezi mitatu mfululizo, na ukaona kazi ya kunakili inawachosha, hapo nunua.

Sasa tumrudie kijana. Umempa kazi nne: kupokea, kutoa, kuuza na kuandika. Kama ni mwizi, umempa mlango ulio wazi. Kama ni mwaminifu, umemnyima njia yoyote ya kuthibitisha uaminifu wake, na sasa anatuhumiwa kwa mvuke wa maji. Zigawe hizo kazi. Yeye abaki na ghala na kadi zake. Mauzo na hela zishikwe na mtu mwingine, hata kama ni wewe mwenyewe au binti wa risiti, na mzigo usitoke bila karatasi ya mauzo. Fundi wa mashine asaini anachopokea na anachozalisha. Watu watatu wakiandika tukio moja sehemu tatu, kosa linajulikana siku ileile.

Kuhusu kumkata mshahara, nakusihi msifanye hivyo wiki hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa uamuzi wake tu ili kufidia hasara. Mfanyakazi anatakiwa ajulishwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujieleza na kupinga, na makato yakubaliwe kwa maandishi. Undugu haufuti hayo. Kesi ikifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mtaulizwa mlipimaje upungufu huo, na jibu la "tunazidisha kwa tatu" halitawasaidia.

Kuna mambo ambayo ushauri wa maandishi hauyatoshi. Mizani yako, ile ya mahindi na ile ya kupakia, waite Wakala wa Vipimo waikague na kuigonga muhuri; ukitengeneza hesabu juu ya mizani mbovu umefanya kazi bure. Na katika kurekebisha ujazo, kuwa mwangalifu usivuke upande wa pili: kiroba kilichoandikwa kilo 25 kikiwa na 24.7 ni kosa kwa mteja na kwa sheria. Pengo la mali mnalolirekebisha linagusa faida, na faida inagusa kodi, kwa hiyo kabla ya kufunga mwaka mwite mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, akae na wewe ghalani, siyo mezani tu. Na kama baada ya kupima kwa mwezi mzima mlinganyo wa mashine uko sawa lakini viroba vitupu vinapungua bila kujazwa, au risiti zinaonyesha mauzo ambayo hela yake haipo, hapo maelezo ya maji na chekeche yamekwisha. Tafuta mkaguzi kutoka nje ya familia kabla ya kwenda polisi, ili ukifika uwe na ushahidi mkononi.

Kesho asubuhi, kabla mashine haijawashwa, chagua magunia kumi yaliyopo ghalani na viroba ishirini vya sembe vilivyokwisha kushonwa, uvipime vyote. Mwite kijana. Mwambie magunia yalikuwa na maji, na kwamba daftari lilikuwa na kosa ambalo si lake peke yake. Yeye asome mizani kwa sauti, wewe ndiye uandike.